Neno la Gundi: Maoni Juu ya "Agglutinate" na Ndugu Zake

Kuna maneno ya Kiingereza yasiyoonekana sokoni wala jikoni. Hukaa katika vitabu vya wataalamu, na siku yanapotoka nje hutoka yamevaa kanzu ya sikukuu. Moja katika hayo ni "agglutinate". Maana yake, kwa ufupi, ni vitu vingi kushikana hata vikafanya donge. Msomaji aweza kukutana nalo katika kitabu cha sarufi kielezacho umbo la lugha zetu, au katika karatasi itokayo maabara ya hospitali. Siku hizi aweza pia kukutana nalo mahali pa tatu, ambapo halina kazi, yaani katika insha ya mtu aliyetaka kusema tu ya kuwa watu walikusanyika.

Katika makala haya twataka kulipima neno hili: lafaa wapi, lapotosha wapi, na sisi wenye Kiswahili tumelipokea namna gani. Hatulipimi kwa chuki ya ugeni, maana Kiswahili chenyewe kimepokea wageni wengi, nao wamekuwa wenyeji. Twalipima kwa sababu penye neno hili watu wengi wamepotea njia, wenye elimu kubwa na wenye elimu ndogo. Kupotea kwao mara nyingine kumeivunjia lugha heshima, na mara nyingine kwaweza kumdhuru mgonjwa.

Kwanza tutazame asili yake. Neno hili ni la Kilatini, nalo limeunganishwa kwa vipande viwili: "ad", maana yake penye au kuelekea, na "gluten", maana yake gundi. Basi "agglutinate" ni kukibandika kitu penye kingine kwa gundi. Hiyo "gluten" wake zetu na mama zetu waijua kwa mikono yao, ingawa hawalijui jina lake. Ndiyo kitu kile kinatacho ndani ya unga wa ngano, kinachoufanya ukande uvutike pasipo kukatika. Unga wa mahindi hauna kitu hicho, na kwa hiyo twaupikia ugali, wala hatuwezi kuusukuma peke yake ukawa chapati nyembamba ivutikayo kama ile ya ngano. Tangu mwanzo, basi, neno hili limekwenda na mfano wa gundi, na mfano huo yatupasa kuukumbuka, maana ndio unaosaidia na ndio unaodanganya.

Ndugu yake ni "coalesce". Hili nalo ni la Kilatini, bali asili yake ni kukua pamoja hata kuwa kitu kimoja. Tazama matone mawili ya umande juu ya jani la mgomba. Yakisogeleana na kugusana, huwa tone moja, wala hakuna mtu awezaye kuonyesha kwa kidole, akisema, hapa ni lile la kuume na hapa ni lile la kushoto. Lakini mbao mbili zilizobandikwa kwa gundi hazifanyi hivyo. Ukitazama utaona ufa wa kiungo, na kila ubao una nyuzi zake na rangi yake. Kwa hiyo Waingereza wenyewe wana maneno mawili kwa mambo mawili: moja kwa vitu vinavyoshikana na kubaki vilivyo, na la pili kwa vitu vinavyoingiana hata mpaka wao ukafutika. Ubaya ni kwamba wengi wapendao maneno haya huyatumia kama kwamba ni moja, kwa kuwa yote mawili ni marefu na yote mawili yasikika kuwa ya kisomo.

Sasa tugeukie Kiswahili. Yuko mtu atakayesema kwamba lugha yetu haina neno la jambo hili, na kwamba ndiyo sababu yatupasa kuazima. Msomaji na ahesabu pamoja nasi. Maziwa huganda, na samli huganda kwa baridi. Kupe huganda ngozini mwa ng'ombe. Ulimbo hunata, na miguu ya ndege hunaswa nao. Vidole vyenye asali hugandana. Mizizi ya miti iliyo karibu hufungamana chini ya udongo. Watu husongamana mlangoni. Taka hurundikana nyuma ya nyumba. Mito miwili huungana. Chumvi huyeyuka na kuchanganyika na maji. Uji usiokorogwa hufanya madonge. Ndugu hushikamana siku ya msiba. Hayo ni zaidi ya maneno kumi, na hakuna moja liwezalo kushika mahali pa jingine. Huwezi kusema mito imerundikana, wala chumvi imefungamana na maji.

Tena kuna jambo la kuangalia katika umbo la baadhi ya vitenzi hivi. Shikamana, fungamana na songamana vina mwisho wa namna moja. Ndani yake mna ile "-ma" tunayoiona katika inama, simama na kwama, ionyeshayo kitu kukaa katika hali fulani. Kisha mna ile "-na" ya kutendana, kama katika pendana na pigana. Vikiwekwa pamoja, vyasema kwamba vitu vimeshikana, navyo vyakaa katika kushikana kwao. Mwingereza ili aseme hivyo amekwenda dukani kutafuta gundi ya Kirumi. Mswahili hakutafuta gundi yo yote. Vitu vyake vyashikana kwa mikono yao vyenyewe.

Basi twaweka hapa kipimo chetu, nacho ni swali moja tu: Vitu hivi vilipokutana, je, kila kimoja kimebaki na sura yake? Kama kimebaki, ni kushikamana, kugandana au kuambatana. Kama hakikubaki, ni kuchanganyika au kuwa kitu kimoja. Mtu asiyelijibu swali hili hana haki ya kuchagua neno, liwe la Kiswahili au la Kiingereza. Sasa na tukipeleke kipimo hiki mahali patatu.

Mahali pa kwanza ni sarufi. Katika karne ya kumi na tisa wataalamu wa Ulaya walijaribu kuzigawanya lugha zote za dunia kwa maumbo yake. Mjerumani Wilhelm von Humboldt, aliyefariki mwaka 1835, ni mmoja wa walioeneza neno hili la gundi katika elimu ya lugha, na kitabu chake kikubwa kilitolewa mwaka 1836 baada ya kufa kwake. Lugha kama Kichina ziliitwa za maneno yaliyo peke yake. Lugha kama Kilatini na Kiyunani ziliitwa za kugeuza miisho ya maneno. Katikati ziliwekwa lugha za gundi, kama Kituruki, Kifini na Kihungari, na lugha za Kibantu nazo zikatiwa humo.

Kama ingalikuwa ni kugawanya tu, tusingalinung'unika. Neno hilo laeleza jambo la kweli. Chukua neno "hatutawapikia". Neno hilo ni moja, nalo lina vipande saba: ha, tu, ta, wa, pik, i, a. Cha kwanza chakanusha. Cha pili chamtaja atendaye, yaani sisi. Cha tatu chaonyesha wakati ujao. Cha nne chawataja wao. Cha tano ni mzizi wa kupika. Cha sita chasema kwamba ni kwa ajili ya mtu. Na cha saba chafunga mlango. Ondoa cha kwanza, utapata "tutawapikia". Badili cha nne, utapata "hatutakupikia". Kila kipande kina kazi yake, na kila kimoja chaweza kuonyeshwa kwa kidole. Kwa kipimo chetu, huku ni kushikamana kweli kweli.

Walakini wataalamu wale hawakukaa katika kugawanya. Waligeuza migawo ikawa ngazi. August Schleicher alifundisha kwamba lugha hukua kama kiumbe chenye uhai, kwanza maneno yaliyo peke yake, kisha gundi, kisha kugeuza miisho, na hiyo ya mwisho ndiyo utimilifu. Max Müller, katika mafundisho yake ya London ya mwaka 1861, alizihusisha lugha za gundi na maisha ya watu wanaohamahama. Mwaka 1912 Carl Meinhof, aliyekuwa amefanya kazi njema ya kulinganisha sauti za lugha za Kibantu katika kitabu cha mwaka 1899, alitoa kitabu kingine juu ya watu aliowaita Wahamiti. Humo aliwatukuza wafugaji hao na lugha zao, akafikiri kwamba lugha za Kibantu zilizaliwa kwa mchanganyiko wa lugha hizo na lugha nyingine za Waafrika. Ndivyo neno la seremala lilivyogeuka kuwa neno la hakimu. Kusema kwamba lugha fulani ni ya gundi kukawa kusema kwamba imesimama katikati ya ngazi, na ya kuwa wenyewe nao wamesimama hapo hapo.

Hoja hiyo haisimami. Kama kugeuza miisho ndio utimilifu, Kiingereza kimeshuka ngazi, maana Kiingereza cha kale kilikuwa na miisho mingi kuliko cha leo, na Kiingereza cha leo chaelekea upande wa Kichina. Wala Wachina, wenye maandiko ya zamani kupita mataifa mengi ya Ulaya, hawakuzuiwa na lugha yao kufikiri. Mwaka 1921 Edward Sapir, katika kitabu chake juu ya lugha, aliikataa ngazi hiyo waziwazi. Na mwaka 1963 Joseph Greenberg alitoa kitabu juu ya lugha za Afrika, akaonyesha kwamba kazi ya watu na sura ya miili yao si hoja katika kutafuta ukoo wa lugha. Ngazi ilianguka. Lakini mwalimu asomaye vitabu vya kale na awe macho, kwa kuwa harufu ya ngazi ile yaweza kubaki katika neno, na mwanafunzi asikiaye kwamba lugha yake imebandikwa kwa gundi aweza kudhani kwamba ni chombo kilichovunjika kikatengenezwa.

Hapa twataka kuwasifu wataalamu wetu wa Kiswahili. Walipotafuta jina la lugha za namna hii hawakuifuata gundi. Waliziita lugha ambishi bainishi. "Ambishi" ni kwa sababu ya viambishi, yaani vipande vinavyopachikwa penye mzizi. "Bainishi" ni kwa sababu vipande hivyo vyabainika, kila kimoja chaonekana mahali pake. Angalia tofauti. Neno la Kiingereza latazama kinachovishika vipande, nacho ni gundi ambayo hakuna aliyeiona. Neno la Kiswahili latazama vipande vyenyewe na kusema kwamba vyatambulikana. Twaona kwamba katika jambo hili tafsiri imekuwa bora kuliko asili yake, maana imejibu lile swali letu la sura, ambalo asili yake imeliacha gizani.

Hata hivyo, jina lililo jema nalo lisituziishe macho. Si kila mahali katika Kiswahili vipande vyabainika. Twasema "hatutaki" na "hamtaki", na kwa kufuata njia hiyo tungetazamia "hanitaki" kwa mtu anayejikania nafsi yake. Lakini "hanitaki" ina maana nyingine kabisa, nayo ni ya huzuni. Anayejikania husema "sitaki", na katika "si" hiyo huwezi kukata na kuonyesha mahali kukanusha kunapokoma na nafsi inapoanza. Vile vile wingi wa mwizi si "waizi" bali wezi. Ile "a" na ile "i" zimekutana zikawa "e", kama matone yale ya umande. Jino na meno ni jambo lilo hilo. Tena pika yatoa mpishi, na fuata yatoa mfuasi. Sauti ya mwisho ya mzizi imebadilika kwa kukaa karibu na jirani yake. Mambo hayo si ya gundi. Sauti mbili za wezi ni za kuingiana, na wataalamu wa sauti hutumia kwa jambo hilo lile neno la pili la Kiingereza, "coalesce", nao wamelitumia mahali pake. Mwalimu wa sarufi na awaonyeshe wanafunzi pande zote mbili, wapate kujua ya kuwa jina la kundi ni la mambo yaliyo mengi, wala si sheria isiyo na toleo.

Mahali pa pili ni hospitali, na hapa kosa la neno ni ghali zaidi. Mwaka 1901 daktari Karl Landsteiner, akifanya kazi mjini Vienna, alieleza kwamba damu za watu si za namna moja. Alichanganya chembe nyekundu za mtu huyu na maji ya damu ya mtu yule, akaona kwamba mara nyingine chembe zilitulia, na mara nyingine zilishikana zikafanya vidonge. Kwa njia hiyo yakajulikana makundi ya damu, matatu kwanza, na la nne, liitwalo AB, likaonekana mwaka 1902. Landsteiner alipewa tuzo ya Nobel mwaka 1930. Kushikana kule kwa chembe ndiko kuitwako "agglutination".

Sasa, mtu akitaka kulieleza jambo hilo kwa Kiswahili, neno la kwanza limjialo kinywani ni "damu imeganda". Twasema wazi kwamba neno hilo hapo halifai. Kuganda kwa damu ni jambo jingine. Mtu ajikatapo kidole, nyuzi nyembamba hufanyika ndani ya maji ya damu, zikazinasa chembe kama samaki katika jarife, na jeraha hufungwa. Kuganda huko ni rehema, maana pasipo huko tungekufa kwa mchubuko. Lakini katika jambo la Landsteiner hakuna nyuzi. Kilichopo ni kingamwili, navyo ni vitu vidogo sana vya ulinzi vilivyomo katika maji ya damu. Kimoja chao chaweza kushika chembe zaidi ya moja, na hivyo chembe zinafungwa pamoja kama wafungwa katika mnyororo.

Msomaji aweza kuuliza, tofauti hii ya nini kwa mtu asiye daktari? Na asikilize. Mwaka 1914 Albert Hustin katika Ubelgiji na Luis Agote katika Ajentina walionyesha kwamba damu ikitiwa chumvi iitwayo sitreti ya sodiamu haigandi, na hivyo yaweza kutiwa katika mwili wa mgonjwa. Chumvi hiyo huishika kalsiamu ya damu, na pasipo kalsiamu nyuzi zile hazifanyiki. Hii ilikuwa faida kubwa sana. Lakini chumvi hiyo haizuii kushikamana kwa chembe. Damu iliyo katika mfuko, nyororo, isiyo na donge hata moja, ikitiwa mwilini mwa mtu wa kundi lisilopatana nayo, chembe zake zitashikwa na kupasuliwa ndani ya mishipa yake, na figo zaweza kuharibika, hata mtu akafa. Mtu aliyefundishwa kwamba mambo yote mawili ni "kuganda" ataona damu isiyoganda, atadhani kwamba hatari imekwisha. Kwa hiyo twapendekeza kwa walimu wa elimu ya viumbe na kwa wauguzi waandikao mafundisho ya watu: kuganda kuachwe kwa nyuzi na jeraha, na kushikamana kwa chembe kutumiwe kwa makundi ya damu. Chembe zimebaki chembe, kila moja na sura yake hapo mwanzo. Kipimo chetu chakubali.

Kuna jambo la pili la hospitali ambalo wasomaji wetu wengi wamelionja. Mwaka 1896 Max von Gruber na Herbert Durham walieleza kwamba maji ya damu yaliyo na kingamwili huwafanya bakteria washikamane, na mwaka huo huo Fernand Widal huko Ufaransa akalitumia jambo hilo kuitambua homa ya matumbo. Kipimo chenye jina lake kimetumika sana katika Tanzania, Kenya na Uganda. Maji ya damu ya mgonjwa hutiwa pamoja na bakteria waliouawa, na vikionekana vidonge, karatasi huandikwa kwamba kipimo kimejibu. Hapo mgonjwa hutoka akisema, "Wadudu wameonekana katika damu yangu." Sivyo. Wadudu walitoka katika chupa ya maabara. Kilichotoka kwa mgonjwa ni kingamwili, nazo zaweza kuwa za ugonjwa aliokwisha kuugua zamani, au za chanjo, au za bakteria wengine walio jamaa ya hao. Ndiyo maana kipimo hiki peke yake hakitoshi kuthibitisha ugonjwa, na kuotesha bakteria kutoka katika damu ni ushahidi ulio bora. Neno refu la Kiingereza katika karatasi halimwambii mgonjwa lo lote katika hayo. Mtu akiambiwa kwa Kiswahili, "Damu yako imewashika bakteria tuliowatia sisi," ataweza kuuliza swali la pili, na swali hilo la pili laweza kumwokoa asinywe dawa zisizo zake.

Mahali pa tatu ni insha na hotuba. Hapa hatuna la kulitetea neno letu. Mwandishi asemapo kwa Kiingereza kwamba watu wali-"agglutinate" sokoni, amesema kwamba wamebandikana kwa gundi, nao walikuja kununua dagaa. Kiingereza kina maneno mafupi ya jambo hilo, ya mkusanyiko na ya msongamano, na Mwingereza mwenye kuandika vizuri huyatumia hayo. Urefu wa neno si kipimo cha elimu. Mpishi aliyetia viungo vyote vya dukani katika chungu kimoja hajaonyesha kwamba ajua kupika; ameonyesha kwamba anazo fedha.

Tena katika mambo ya nchi neno la kushikana si pambo tu, ni ahadi. Kiingereza kina neno "amalgamate", lililotumiwa tarehe 1 Januari 1914 pale Waingereza walipozifanya Nijeria ya Kaskazini na Nijeria ya Kusini kuwa koloni moja. Asili ya neno hilo ni zebaki ikishikana na madini nyingine, kama waonavyo wachimbaji wadogo wa dhahabu katika Geita. Na zebaki ikitiwa motoni huondoka kama mvuke, dhahabu ikabaki peke yake. Sisi tarehe 26 Aprili 1964 Tanganyika na Zanzibar zilipokuwa nchi moja, jina lililochaguliwa ni Muungano. Kuunga ni kazi ya fundi na ya mshonaji. Kiungo chaonekana, na vipande vyaonekana. Hata jina la Tanzania lenyewe laonyesha vipande vyake viwili kwa mtu ajuaye kutazama, na Zanzibar ilibaki na serikali yake kwa mambo yasiyo ya Muungano. Mtu akubali au asikubali jinsi mambo yalivyopangwa, neno lilisema kweli juu ya kilichofanyika. Kama lingaliitwa "mchanganyiko", lingaliahidi jambo jingine.

Yuko atakayetujibu kwamba neno la Kilatini lina faida moja kubwa: daktari wa Kampala na daktari wa Lisbon wote walielewa pasipo mkalimani. Hilo twalikubali, wala hatuombi lifutwe katika vitabu vya kazi. Mtu aliye maabara na aandike "agglutination" apelekapo habari kwa mwenzake, na mwanafunzi wa chuo na alijue. Lakini tusidanganyike kufikiri kwamba usahihi umo katika sauti ya neno. Usahihi umo katika maelezo yaliyokubaliwa nyuma yake, nayo maelezo hayo yaweza kufungwa nyuma ya neno la Kiswahili vile vile. Wenye lugha ambishi bainishi wametuonyesha njia. Neno la mtaalamu ni kama mizani ya duka: yafaa mikononi mwa ajuaye mawe yake, na mikononi mwa asiyeyajua ni chuma tu.

Basi shauri letu kwa walimu wenzetu ni hili. Mwanafunzi ajapo na neno kama hili katika insha yake, asikaripiwe, wala asisifiwe kabla ya kuulizwa. Aulizwe vitu gani vimekutana, ni nini kinachovishika, na kama kila kimoja kimebaki na sura yake. Kisha apewe vitenzi vyetu, kuanzia kuganda mpaka kushikamana, achague kimoja na kutoa sababu. Mtoto awezaye kueleza kwa nini uji umefanya madonge na chai yenye sukari haikufanya, huyo amekwisha kuifahamu nusu ya jambo ambalo Kilatini kililitafutia jina. Nusu iliyobaki ni jina lenyewe, nalo laweza kungoja mpaka siku atakapolihitaji.